Shule za Mwambao Wetu: Fedha Zikipunguzwa, Nani Hubeba Mzigo?



Katika toleo hili la kumbukumbu wazazi wengi waliiomba Kamati iandike juu ya shule. Hawakutaka habari za shule za hapa kambini peke yake. Walitaka pia habari za shule tulikotoka: Rumonge, Minago, Magara, Kigwena, Karonda, Mutambara, Nyanza-Lac na vilima vyote vinavyotazama Ziwa Tanganyika. Sababu ya ombi hilo inajulikana. Mwaka 2025 wafadhili wakubwa, Marekani ikiwa mbele yao, walipunguza misaada yao, na HCR ikatangaza kupunguza maelfu ya wafanyakazi wake duniani. Tangu hapo swali la wazazi limekuwa moja: mwalimu wa mtoto wangu atalipwa na nani?

Swali hili si geni kwetu watu wa ziwa. Baba zetu waliliuliza, na babu zetu kabla yao. Kwa hiyo tumeona ni vizuri kukumbushana jinsi fedha za shule zilivyopanda na kushuka katika mwambao wetu, na kila mara nani alibaki na mzigo. Kamati haifanyi siasa, na makala hii haiandikwi ili kulaumu kabila au chama. Inaandikwa ili vijana waliozaliwa kambini wajue walikotoka, na ili wazazi wawe na la kusema watakapokaa mezani na wenye kutoa fedha.

Tunalotaka kusema ni hili. Fedha za shule zikipunguzwa, gharama ya shule haipungui. Inahama tu. Inatoka katika hazina ya serikali na kuingia katika kapu la mama anayeuza ndagala sokoni. Na ikiisha kuhamia huko, mtoto wa yule asiye na kapu hubaki nje.

SHULE ZILIVYOANZA ZIWANI

Rumonge ina nafasi ya pekee katika historia ya nchi yetu. Mwaka 1879 Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walifika hapo na kufungua misheni ya kwanza katika Burundi. Haikudumu. Tarehe 4 Mei 1881 Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao d'Hoop waliuawa, na kazi ikasimama. Misheni zilizodumu zilianzishwa baadaye, mbali na ziwa: Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899. Hivyo mwambao uliotangulia kupokea wageni haukutangulia kupata shule zao.

Hata hivyo watu wa ziwa hawakuwa watu wasio na masomo. Biashara ya Ujiji ilikuwa imeleta Kiswahili na Uislamu katika Rumonge, Nyanza-Lac na Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Watoto walisoma katika vyuo vya Kurani. Vyuo vile havikupata fedha ya serikali yoyote. Mzazi alimtunza mwalimu kwa alichokuwa nacho. Tunalitaja jambo hili kwa sababu watu wengine husema kwamba kuchangia shule ni jambo lililoletwa na wafadhili. Siyo kweli. Wazazi wa ziwani walikuwa wakimlisha mwalimu kabla ya Mbelgiji kufika.

Wabelgiji walipochukua nchi mwaka 1916, hawakutaka kujenga shule nyingi wenyewe. Waliwaachia wamisionari kazi hiyo, kisha wakawapa ruzuku kwa shule zilizokubali utaratibu na ukaguzi wao. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipoanza. Shule yenye ruzuku ilipata mwalimu mwenye cheti, vitabu na ubao. Shule isiyo na ruzuku, kule kilimani, ilikuwa na katekista na kibanda cha nyasi. Watoto wa Waislamu wa mwambao walijikuta pembeni, maana ruzuku ilikwenda kwenye shule za misheni na wazazi wengi waliogopa kupeleka watoto huko. Kwa hiyo hata kabla ya uhuru, aliyeamua fedha ziende wapi ndiye aliyeamua mtoto gani asome.

Uhuru ulipofika tarehe 1 Julai 1962, serikali ilirithi shule chache na watoto wengi.

MWAKA 1972: PUNGUZO LISILOANDIKWA KATIKA BAJETI

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia katika mwambao wetu, Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua watu wengi, hasa Watutsi. Ukandamizaji wa serikali uliofuata uliua watu wengi zaidi katika nchi nzima, na Wahutu waliosoma ndio waliotafutwa: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Maelfu walivuka ziwa na mito kuingia Tanzania na Zaire.

Tunaposema juu ya kupunguzwa kwa shule, hatuwezi kuuruka mwaka huo. Shule ni mwalimu kwanza. Paa huweza kurudishwa kwa mwaka mmoja, lakini mwalimu hutengenezwa kwa miaka mingi. Na lingine: baada ya 1972 kulikuwa na wazazi walioficha watoto wao wasiende shule, kwa kuwa waliona kusoma kumekuwa hatari. Hofu hiyo ilichukua miaka mingi kwisha.

Mwaka 1973 serikali ilianza mageuzi ya kufundisha shule ya msingi kwa Kirundi. Wazo lenyewe lilikuwa jema, mtoto afundishwe kwa lugha ya nyumbani. Lakini mitihani ya kwenda mbele ilidai Kifaransa, na Kifaransa kilihitaji vitabu na walimu ambao hawakutosha. Mwishoni mwa muongo ule watoto wengi wa Burundi hawakuwa shuleni. Katika mwaka 1980 walioandikishwa walikuwa takriban robo tu ya idadi ya watoto wenye umri wa shule ya msingi.

Ndugu zetu waliovuka mwaka 1972 walikuwa na njia nyingine. Katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, watoto walisoma katika shule za Tanzania, kwa Kiswahili. Wakati ule Tanzania ilikuwa katika mpango wa elimu ya msingi kwa wote, uliotangazwa katika Azimio la Musoma mwaka 1974. Tutalirudia jambo hili la lugha, kwa kuwa lilikuja kuwagharimu waliorudi.

ZAMU MBILI NA FARANGA ILIYOSHUSHWA

Mwaka 1982 serikali ya Burundi ilileta utaratibu wa zamu mbili. Chumba kimoja na mwalimu mmoja vilipewa makundi mawili: moja asubuhi, moja baada ya saa sita. Hatudharau kazi iliyofanyika. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990, walioandikishwa walifika takriban 70 kwa kila watoto 100. Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu tulipata herufi zetu za kwanza katika zamu hizo.

Lakini tuangalie hesabu yake. Idadi ya watoto iliongezeka sana bila vyumba na mishahara kuongezeka kwa kiasi hicho. Tofauti ililipwa na nani? Ililipwa na mtoto, aliyepata nusu ya saa za masomo. Ililipwa na mwalimu, aliyefundisha asubuhi na jioni. Ililipwa na wazazi, walioitwa Jumamosi kufyatua matofali na kubeba mchanga.

Katika miaka hiyohiyo kulikuwa na masomo ya Yaga Mukama, yaliyoendeshwa na Kanisa Katoliki kwa watoto waliokosa nafasi. Walijifunza dini, kusoma na kuandika Kirundi, kwa siku chache za juma. Serikali ya Rais Bagaza, katika ugomvi wake na Kanisa, iliyafunga. Yalifunguliwa tena baada ya Rais Buyoya kuchukua madaraka Septemba 1987. Watoto wale walikuwa wa maskini kabisa, nao hawakuwa na upande katika ugomvi huo.

Mwaka 1986 Burundi iliingia katika mpango wa kurekebisha uchumi pamoja na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Thamani ya faranga ilishushwa na serikali ikatakiwa kubana matumizi. Nchi jirani zilipita njia hiyo pia. Tanzania, iliyokuwa imeondoa ada, iliirudisha katika miaka ya 1980, na watoto walioandikishwa wakapungua. Ilipoifuta tena, kuanzia mwaka 2002, watoto walijaa madarasani. Uganda ilifanya hivyo mwaka 1997 na Kenya mwaka 2003. Katika nchi zote hizo jambo moja lilionekana: wazazi waliosemwa kuwa hawapendi shule walikuwa wakiipenda siku zote. Walichokosa ni ada.

Ni vizuri tueleze hapa jinsi punguzo linavyofanya kazi, kwa sababu mara nyingi halionekani. Sehemu kubwa ya fedha za elimu ni mishahara ya walimu. Serikali ikibanwa, haianzi kwa kufukuza walimu, maana hilo lingeonekana mara moja. Inaanza na vitu vidogo: chaki, vitabu, madaftari ya mwalimu, bati la paa, mafuta ya pikipiki ya mkaguzi. Kwenye karatasi shule iko wazi na mwalimu yupo. Lakini ndani hakuna cha kufundishia. Ndipo mwalimu mkuu huita mkutano wa wazazi. Anaeleza shida, wazazi wanakubaliana mchango, na tangu siku hiyo mchango ule haufutwi tena. Hivi ndivyo gharama inavyohama bila tangazo lolote la serikali.

MAWESE, NDAGALA NA MBALAMWEZI

Mwambao wetu unaishi kwa mambo mawili makubwa, michikichi na samaki. Mashamba ya michikichi ya Rumonge yalipanuliwa na serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia, chini ya shirika la maendeleo la mkoa. Baadhi ya ardhi iliyogawiwa ilikuwa ya watu waliokimbia mwaka 1972, na kesi zake zimetutesa hadi baada ya vita. Kwa familia iliyokuwa na michikichi, mawese ndiyo yaliyolipa shule. Kwa familia iliyokuwa na mtumbwi au iliyokausha samaki, ndagala na mukeke ndio waliolipa.

Sasa anayepanga tarehe ya mchango ofisini hajui ziwa. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti samaki, na mitumbwi hulala ufukoni siku kadhaa. Tarehe ya mwisho ya mchango ikiangukia mbalamwezi, mvuvi hana kitu, na mtoto wake hurudishwa nyumbani. Siku kumi baadaye baba ana fedha, lakini mtoto amekwisha kosa masomo, na pengine mtihani. Watoto wa mshahara hawarudishwi, kwa sababu mshahara haujui mwezi wa mbinguni. Mchango ni uleule kwa wote, lakini hauwagusi wote sawasawa. Aliyepanga hakukusudia ubaya, ila ubaya ulitokea.

VITA NA VIKWAZO

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na vita vikaanza. Shule zilichomwa, nyingine zikawa makao ya waliohama au ya askari. Walioandikishwa katika shule za msingi, waliokuwa takriban 70 kwa kila watoto 100, walishuka hadi karibu 43 kufikia mwaka 1996. Kazi ya miaka kumi ilibomolewa kwa mitatu. Katika mwaka 1997 mapigano yalizidi kusini, katika Bururi na Makamba, na watu wa Rumonge na Nyanza-Lac wakavuka tena.

Rais Buyoya aliporudi madarakani kwa nguvu tarehe 25 Julai 1996, marais wa nchi jirani walikutana Arusha na tarehe 31 Julai wakaiwekea Burundi vikwazo vya biashara. Njia ya ziwa kati ya Kigoma na Bujumbura ilifungwa. Vikwazo vililenga watawala, lakini daftari na kalamu pia hupita bandarini. Aprili 1997 marais walilegeza vikwazo, wakaruhusu chakula, dawa na vifaa vya shule kuingia. Kwa miezi kama tisa, basi, kitabu cha mtoto kilikuwa katika orodha moja na bidhaa za kuwabana wakubwa. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999.

Huku Tanzania, katika kambi za Kibondo na Kasulu, yaani Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Muyovosi, Mtabila na nyinginezo, shule za kwanza zilianzishwa na wakimbizi wenyewe. Mwalimu alikuwa mkimbizi, darasa lilikuwa kivuli cha mti, ubao ulikuwa kipande cha plastiki au udongo uliosawazishwa. Mashirika yalifika baadaye na vifaa na posho ndogo. Walimu wale walifundisha mtaala wa Burundi ili watoto wasipotee siku ya kurudi. Kamati inawashukuru, walio hai na waliotangulia.

ELIMU YA BURE NA KAPU LILELILE

Mkataba wa Arusha ulitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Agosti 2005 Rais Pierre Nkurunziza aliapishwa, akatangaza kwamba shule ya msingi ni bure. Septemba ile watoto waliofika darasa la kwanza walikuwa karibu mara mbili ya waliotarajiwa. Ilikuwa siku ya furaha kubwa katika mwambao. Watoto ambao walikuwa wakichunga mbuzi na kuanika ndagala waliingia darasani, na wengine walikuwa wakubwa kuliko umri wa darasa.

Lakini ada ilifutwa kabla ya vyumba kujengwa. Watoto zaidi ya 100 kwa mwalimu mmoja lilikuwa jambo la kawaida katika madarasa ya kwanza. Wazazi waliitwa tena kwenye kazi za pamoja za kujenga. Komini nazo zilijenga vyuo vyao vya sekondari kwa nguvu za wananchi, serikali ikatoa walimu. Burundi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili na Kiingereza viliingizwa katika shule za msingi, jambo lililotupendeza sisi Waswahili wa ziwa, ila vitabu vilichelewa. Mwaka 2013 elimu ya msingi iliongezwa ikawa ya miaka tisa, na madarasa ya juu yakadai vyumba vingine. Kila hatua ilikuwa nzuri, na kila hatua ilikuja na mwaliko wa wazazi kuleta matofali.

Katika miaka hiyo, kuanzia 2008, ndugu zetu wa mwaka 1972 walianza kurudi. Zaidi ya 50,000 walichagua kurudi Burundi, na wengi walikuwa wa Rumonge, Nyanza-Lac na maeneo ya jirani. Waliobaki, zaidi ya 160,000, walipewa uraia wa Tanzania. Watoto wa waliorudi walikuwa wamesoma kwa Kiswahili. Walipofika Rumonge walikuta shule za Kirundi na Kifaransa. Kijana aliyekuwa karibu kumaliza alijikuta hafahamu swali la mtihani. Kungekuwa na fedha za masomo ya kuwapatia lugha kwa mwaka mmoja au miwili, wengi wangeokoka. Masomo hayo yalifanyika mahali fulani kwa msaada wa mashirika, lakini si kwa kila aliyeyahitaji. Wengi waliacha shule wakaingia ziwani au wakarudi Tanzania kutafuta kazi.

MWAKA 2015 NA BAADA YAKE

Machi 2015 Rumonge ilifanywa makao makuu ya mkoa mpya, na tulitumaini fedha zitasogea karibu nasi. Mwezi uliofuata fujo za kisiasa zilianza. Mwezi wa Mei makumi ya maelfu walikuwa wamejaa katika kijiji cha Kagunga, upande wa Tanzania, kati ya mlima na maji. Kipindupindu kiliua watu pale. Meli ya Liemba ilitubeba kwa makundi hadi Kigoma, tukapitia uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha mabasi hadi Nyarugusu. Wengi walikuja na vitu vichache sana, na kwa wanafunzi kitu kimojawapo kilikuwa bahasha ya vyeti.

Kwa waliobaki nyumbani, punguzo lilikuja kwa njia nyingine. Kabla ya 2015 misaada ya nje ilikuwa karibu nusu ya bajeti ya nchi. Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wake wa moja kwa moja kwa serikali, na haukuurudisha hadi Februari 2022. Waliopitisha uamuzi walikuwa na sababu zao, na hatuzipimi hapa. Tunasema tu matokeo. Mwaka 2017 posho ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Burundi iligeuzwa kuwa mkopo, na wanafunzi waliogoma walichukuliwa hatua. Desemba 2017 serikali iliagiza mchango wa uchaguzi wa 2020: faranga 2,000 kwa mwaka kwa kila kaya na 1,000 kwa mwanafunzi mwenye umri wa kupiga kura. Yaani mwanafunzi, aliyepaswa kupokea kutoka hazina, aliambiwa aichangie.

Mkoa wa Rumonge wenyewe haukuishi sana. Mwaka 2025 nchi ilipangwa upya katika mikoa mitano, na Rumonge ikawekwa katika mkoa wa Burunga. Mipaka imebadilika, lakini shule ya kilimani iko palepale.

KAMBINI: MTOTO ASIWE CHOMBO CHA KUSUKUMA WAZAZI

Sisi wa kambini tunalo funzo la pekee. Mwaka 2009 shule za kambi ya Mtabila zilifungwa, wakati ambapo watu walitakiwa kurejea Burundi. Kambi haikufungwa hadi Desemba 2012. Katikati hapo kulikuwa na watoto, na kwa mtoto wa darasa la kwanza miaka mitatu ni nusu ya shule yake ya msingi. Waliporudi nyumbani walirudi nyuma ya wenzao.

Hatukatai kurudi. Nyumbani ni nyumbani, na kila mtu ana haki ya kurudi kwa hiari na heshima. Tunasema hivi: anayetaka watu warudi salama anapaswa kuzilinda shule zao mpaka siku ya mwisho, kwa kuwa mtoto mwenye cheti na darasa hurudi mahali, lakini mtoto aliyekaa bure hana pa kurudia.

MAOMBI YA KAMATI

Kutokana na historia hii, Kamati inaomba mambo yafuatayo yajadiliwe katika mikutano ya mitaa:

1. Kila shule iwe na daftari la mapato na matumizi, lisomwe mbele ya wazazi kila mwisho wa muhula. Mchango usio na daftari huzaa maneno, na maneno huua shule.

2. Mchango wowote wa wazazi uwe na mwisho wake. Tukikubaliana kununua chaki kwa muhula mmoja kwa sababu fedha zimekatwa, iandikwe ni muhula mmoja. Mchango usio na mwisho huwa ada.

3. Asifukuzwe mtoto kwa ajili ya mchango. Deni ni la mzazi, na mzazi aitwe. Wajane, wazee wanaolea wajukuu na wagonjwa wasamehewe, na wasamehewe bila kutangazwa.

4. Wenye kukata fedha waulizwe kwa maandishi: ni nini kimekatwa, tangu lini, na ni nani atakayelipa badala yake? Swali la tatu ndilo muhimu. Wakijibu kwamba hakuna atakayelipa, tutajua kwamba wamemaanisha sisi.

5. Vyeti na orodha za madarasa vitunzwe kwa nakala mbili. Waliorudi mwaka 2008 na 2012 wanajua thamani ya karatasi moja.

6. Masomo ya Kirundi na Kifaransa yasiachwe kwa watoto wanaojiandaa kurudi, na Kiswahili kisidharauliwe. Ni lugha ya soko la Rumonge, ya Kigoma na ya Uvira, na mtoto wa ziwa hawezi kuishi bila hiyo.

HITIMISHO

Ndugu zetu, tumeona njia ndefu, kutoka misheni ya 1879 hadi madarasa yetu ya leo. Tumeona ruzuku za Wabelgiji zilizochagua watoto, zamu mbili, faranga iliyoshushwa, vita, vikwazo, elimu ya bure na wafadhili walioondoka. Katika vyote hivyo wazazi wa mwambao hawakuacha kubeba. Tunajivunia jambo hilo, na watoto wetu walijue.

Lakini sifa hiyo isitumiwe kama sababu ya kutuachia mzigo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayekata fedha mbali huuona mzigo wetu mwepesi, kwa kuwa hajaubeba. Kazi yetu ni kumwonyesha uzito wake kwa hesabu iliyo wazi na kwa maneno ya heshima, bila kuchoka. Na wakati tunaendelea kuuliza, mtoto aendelee kukaa darasani.

Kamati inawatakia wanafunzi wote masomo mema, na walimu afya na uvumilivu. Mungu awabariki.

Kwa niaba ya wazazi wa mwambao,
Kamati ya Jamii